Damu, Maji na Chungu

Barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Dodoma hupita katikati ya Babati, Mlima Kwaraa ukiwa upande wa mashariki na ziwa lenye viboko likiwa upande wa pili wa mji. Hadi mwaka 2002 Babati ilikuwa makao ya wilaya ndani ya Mkoa wa Arusha. Mwaka huo Mkoa wa Manyara ukazaliwa, na mji ukawa makao makuu yake. Wagorowa ni wenyeji wa hapa. Wairaqw, Warangi, Wambugwe na Wabarbaig wako jirani tangu zamani, na kazi za serikali, kilimo na biashara zimewaleta wengine kutoka kila pembe ya nchi. Darasa moja la shule ya msingi mjini hapa linaweza kuwa na watoto wa koo zilizotoka mbali kabisa, na vinywa vyao havifanani: yupo mwenye meno meupe yasiyo na dosari, yupo mwenye madoa ya kahawia, yupo ambaye magego yake ya utoto yameoza hadi kwenye fizi kabla hajafika darasa la pili.

Huyu wa mwisho anapolia usiku kwa maumivu, wazee wa nyumba huwa na jibu tayari. Meno hayo kayatoa kwa baba yake. Au: upande wa mama yake hao, hakuna aliyefika uzeeni na meno mdomoni. Jibu hilo si la kupuuzwa, kwa maana lina ushahidi wa macho. Kuna nyumba ambamo kila mtoto huoza meno, na jirani yao, mwenye watoto wanaolamba sukari ileile, hajawahi kumpeleka hata mmoja kung'olewa jino. Lakini ukoo haumpi mtoto damu peke yake. Humpa pia kisima, chungu, kijiko na namna ya kulazwa usiku. Kuvitenganisha vitu hivi kumewachukua wataalamu zaidi ya miaka mia moja, na sehemu muhimu ya kazi hiyo imefanyika kwenye vinywa vya watoto wa kaskazini mwa Tanzania.

Maji yalitangulia kujulikana, basi tuanze nayo. Babati iko ndani ya Bonde la Ufa, nchi iliyojengwa na volkano. Hanang, mlima wa volkano uliopoa, unaonekana upande wa kusini-magharibi. Miamba ya volkano ina floraidi nyingi, na maji yakikaa ardhini muda mrefu huiyeyusha na kuibeba. Kisima kimoja kinaweza kutoa maji salama, na kingine cha kijiji jirani kikatoa yenye floraidi maradufu, kwa sababu ya tofauti ya mwamba na kina tu. Kaskazini mwa wilaya, pale Minjingu karibu na Ziwa Manyara, huchimbwa mawe ya fosfeti yanayosagwa kuwa mbolea. Madini yaliyomo ni apataiti yenye floraidi, ndugu wa karibu wa madini yanayojenga gamba la nje la jino, yaani enameli. Mtoto wa Manyara anajenga meno yake kwa mali ileile ambayo nchi yake imejaa.

Aliyefungua njia hakuwa Mwafrika. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno. Kila mtu mjini alikuwa na maelezo yake; wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa. McKay, akisaidiwa baadaye na profesa mashuhuri G. V. Black, alithibitisha mambo mawili. La kwanza, madoa yaliwapata waliozaliwa au kukulia pale. Mtu mzima aliyehamia hakuyapata kamwe. La pili lilimshangaza zaidi: meno yale yaliyoonekana mabaya hayakuoza kirahisi. Alihisi kuna kitu majini, lakini vipimo vya wakati ule havikukiona. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya alumini, H. V. Churchill, alipima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, akaikuta floraidi. Kisha H. Trendley Dean akazunguka miji mingi akilinganisha maji na meno, hadi ikaonekana kwamba miligramu 1 hivi kwa lita hupunguza kuoza bila kuleta madoa ya kutisha. Januari 25, 1945, mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floraidi kwenye maji ya bomba makusudi.

Baba, mwana na mjukuu wa Colorado Springs walikuwa na madoa yaleyale. Mtu aliyewatazama bila kupima maji angeapa kuwa ni urithi wa damu.

Huku kwetu habari hii iliandikwa rasmi mapema baada ya uhuru. Mwaka 1964 P. Grech na Michael Latham walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza taarifa yao kuhusu madhara ya floraidi kaskazini mwa Tanganyika. Latham alikuwa mzaliwa wa Kilosa, mwaka 1928, na alitumikia wizara ya afya ya nchi hii akiongoza kazi za lishe kabla ya kwenda kufundisha chuo kikuu cha Cornell, Marekani. Hawakuishia kwenye meno. Walionyesha kwamba floraidi ikizidi miaka mingi huingia kwenye mifupa. Miongo mitano baadaye, mwaka 2013, watafiti walichapisha taarifa kuhusu watoto wenye miguu iliyopinda katika kijiji cha Tindigani, wilaya ya Hai, na kisa kilikuwa hikihiki.

Kisha wakaja Wadenmark wawili, Anders Thylstrup na Ole Fejerskov. Mwaka 1978 walitoa kipimo cha madoa ya floraidi kinachotumika hadi leo duniani kote, na meno waliyoyachunguza yalitoka kwa watoto wa Tanzania waliokunywa maji yenye floraidi nyingi. Nadhani ni haki msomaji wa Babati alijue hilo. Mwanafunzi wa udaktari wa meno huko Brazili au India anayejifunza kutoa alama kuanzia 0 hadi 9 anajifunza kwa macho yaliyofundishwa hapa. Alama ya 1 ni mistari myembamba myeupe inayokatiza jino, na mara nyingine haionekani mpaka jino likaushwe kwa hewa. Kadiri namba inavyopanda mistari huungana, mpaka kwenye alama ya 4 uso wote wa jino una weupe wa chaki. Kwenye 5 vinaanza vishimo. Kwenye 9 sehemu kubwa ya gamba imekwisha kubomoka.

Walichokiona chini ya hadubini kinaeleza kwa nini madoa si ulinzi. Chini ya uso unaoonekana mzima, enameli iliyopata floraidi kupita kiasi ina vinyweleo vingi, na kadiri alama inavyopanda ndivyo vinyweleo vinavyoingia ndani. Rangi ya kahawia haizaliwi na jino. Huja baada ya jino kutoka, gamba lenye vinyweleo linapofyonza rangi za vyakula. Na gamba likishamomonyoka, vishimo vyake vinakuwa mahali pazuri pa mabaki ya chakula. Floraidi kidogo humlinda mtoto na kuoza, nyingi mno humwachia jino bovu la aina nyingine.

Maji peke yake hayakutosha kueleza kila kitu. Palikuwa na vijiji ambavyo maji yake yalikuwa safi kwa kipimo chochote, na bado watoto walikuwa na madoa. Hapo ndipo jicho lilipohamia jikoni. Magadi yako karibu katika kila soko la kaskazini: mabonge magumu ya kijivu au meupe yenye chembe za udongo, au unga uliokombwa juu ya ardhi kavu ya ziwa. Mpishi wa makande huvunja kipande kidogo akakitupa kwenye chungu cha mahindi na maharage. Povu hupanda, harufu ya maharage hubadilika, na baada ya muda mfupi kuliko kawaida punje zimelainika na maganda yameachia. Kwa mama anayenunua mkaa au kutafuta kuni, magadi ni uchumi. Mwaka 1992 Mabelya na wenzake walichapisha utafiti uliowaonyesha wasomaji wa ulimwengu kuwa magadi ya Tanzania yanaweza kubeba floraidi nyingi sana, na kwamba watoto wa mahali penye maji mazuri walikuwa wakiipata kwenye chakula. Mwaka 2000 A. K. Awadia na wenzake wakakifuata kiini hicho hadi kwenye bakuli la mtoto mchanga. Walikuwa na watoto wa sehemu mbili, moja yenye maji ya miligramu 0.2 za floraidi kwa lita, nyingine miligramu 3.6, na madoa yalikaribiana. Chakula cha kulikizia kilichopikwa kwa magadi, kama kile cha ndizi na maharage ambacho Wachaga hukiita kiburu, kilikuwa sehemu kubwa ya jibu.

Fikiria maana yake kwa dai la ukoo. Mapishi hurithiwa kwa mama. Binti anayeolewa Babati kutoka Moshi au Mbulu anakuja na mkono wake wa kupika, na mkono huo unaweza kuwaandikia watoto wake madoa ambayo watoto wa wifi yake hawana. Mzee anayesema yametoka upande wa mama anaweza kuwa amesema kweli bila kujua njia yaliyopitia.

Hayo ni madoa. Kuoza kuna historia yake, na ndani yake damu imewahi kushinda kesi, ikashindwa, ikarudi mahakamani.

Mwaka 1890 W. D. Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, aliandika kitabu kilichoeleza kuoza kwa namna tunayoifundisha hadi leo: vijidudu vya kinywani hula mabaki ya wanga na sukari, hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha enameli. Swali likabaki: mbona vijidudu tunavyo wote, sukari tunakula wote, lakini wanaooza ni baadhi? Kuanzia mwaka 1937, katika chuo cha Michigan, Hunt na Hoppert walianza kuzalisha panya kwa kuchagua. Waliwapa wote chakula kilekile chenye mchele wa chenga. Panya waliooza upesi walipandishwa na wenzao waliooza upesi, na waliochelewa na waliochelewa. Baada ya vizazi kadhaa walikuwa na koo mbili: moja ilioza ndani ya wiki chache, nyingine ilikaa zaidi ya mwaka. Taarifa yao ya mwaka 1944 ilionekana kufunga mjadala. Meno mabovu ni damu.

Miaka kumi na sita baadaye Paul Keyes, wa taasisi ya utafiti wa meno ya serikali ya Marekani, aliufungua tena. Alikuwa na hamsta wa aina mbili. Wa rangi ya dhahabu walioza vibaya. Weupe, kwa chakula kilekile chenye sukari, hawakuoza. Kila aliyewatazama alisema ni tofauti ya mbegu. Keyes akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa Babati mwenye mifugo angelielewa papo hapo: aliwachanganya bandani. Weupe wakaanza kuoza. Kisha akawapa hamsta mama wa ukoo unaooza dawa ya kuua bakteria. Watoto wao hawakuoza, na watoto wa watoto hao vilevile, mpaka walipokutanishwa na wagonjwa. Kile kilichopita kutoka mama hadi mtoto, kizazi kwa kizazi, kikifuata mstari wa ukoo bila kukosea, hakikuwa damu. Kilikuwa bakteria, jamii ya wale walioelezwa mwaka 1924 na J. K. Clarke, London, na kupewa jina la Streptococcus mutans.

Sijui jaribio lingine katika historia ya tiba ya meno linalonigusa kama hili. Haliwadhalilishi panya wa Michigan. Walikuwa kweli na urithi ndani yao. Linaonyesha jinsi kitu kinavyoweza kufuata ukoo kwa uaminifu wote wa urithi na kisiwe damu. Baadaye ikathibitishwa kwa wanadamu pia. Page Caufield na wenzake, Marekani, waliifuatilia aina ya bakteria kinywani mwa mtoto na kuikuta ndiyo ya mama yake mara nyingi kabisa, na mwaka 1993 wakaeleza kuwa wengi wa watoto waliowachunguza walivipata vijidudu hivyo karibu na mwaka wa pili wa maisha. Mama huonja uji kwa kijiko kabla ya kumlisha mtoto. Bibi humtafunia mjukuu nyama. Hakuna ubaya wa moyo katika matendo haya, na ni humo bakteria husafiri.

Ili kujua damu ina sehemu gani, ilibidi watafutwe watoto wanaoshiriki nyumba lakini wasioshiriki damu kwa kipimo kimoja. Mapacha. Wanaofanana kabisa wana jeni zilezile zote. Wasiofanana wana nusu tu kwa wastani, kama ndugu wa kawaida. Wote wanakula chungu kimoja. Ikiwa wanaofanana wanaoza kwa kufanana zaidi kuliko wasiofanana, tofauti hiyo ni mkono wa jeni. Mwaka 1988 Boraas na wenzake walikwenda mbali zaidi: waliwachunguza, Minnesota, mapacha waliotenganishwa utotoni na kulelewa nyumba tofauti, wakakuta bado meno yao yanafanana kwa namna ambayo bahati haiwezi kueleza. Mwaka 2010 kundi la Wang, likitumia familia za Marekani, lilikadiria kuwa asilimia 54 hadi 70 ya tofauti za kuoza kwa meno ya utoto zinaelezwa na urithi, na asilimia 35 hadi 55 kwa meno ya ukubwani.

Namba hizi husomwa vibaya kila siku, basi tutulie nazo kidogo. Hazisemi kwamba nusu ya kila tundu la mtoto imetoka kwa babu yake. Zinahusu tofauti kati ya watu wa kundi lililopimwa, mahali pale, wakati ule. Penye maji ya aina moja, mswaki kwa wote na sukari kwa wote, kinachobaki kuwatofautisha watoto ni damu zaidi, na asilimia hupanda. Mahali kama Manyara, ambapo kisima hutofautiana na kisima, chungu na chungu, na mtoto mmoja ana mswaki wakati mwingine hana, asilimia ileile isingekuwa na maana ileile. Uthibitisho ulitoka Melbourne, Australia. Mwaka 2019 Mihiri Silva na wenzake walitoa matokeo ya mapacha waliofuatiliwa tangu tumboni hadi umri wa miaka sita. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa ameoza jino, na mapacha wanaofanana hawakufanana kwa meno mabovu zaidi ya wasiofanana. Yaliyojitokeza yalikuwa mambo ya maisha ya mwanzo: maji yasiyotiwa floraidi, unene wa kupindukia wa mama wakati wa mimba, na magego ya utoto yaliyotoka na enameli yenye kasoro.

Hiyo kasoro ya enameli ndiyo mlango ambao jeni hupitia kwa uwazi zaidi. Enameli hujengwa na chembe hai maalumu ambazo hufa jino likishatoka, kwa hiyo gamba halijengwi mara ya pili. Ya meno ya mbele ya utoto huanza kutengenezwa mtoto akiwa tumboni, mwezi wa nne hivi. Protini zinazosimamia ujenzi huo zina jeni zake: amelojenini, ambayo kubwa yake iko kwenye kromosomu ya X, enamelini, na vimeng'enya viwili vinavyozisafisha protini hizo ili madini yakae vizuri. Moja ikiharibika kabisa, mtoto hupata ugonjwa wa nadra ambamo meno yote hutoka membamba au laini. Ikiwa na mabadiliko madogo tu, meno huonekana ya kawaida na huenda yakaoza mapema kidogo. Jeni nyingine zinahusu mate: wingi wake, uwezo wake wa kupunguza makali ya tindikali.

Kuhusu kasoro hizo, Tanzania ina kazi yake ya kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mecky Matee wa Muhimbili na wenzake walichunguza watoto wachanga wa nchi hii ambao meno yao ya mbele yalioza vibaya, yote kwa mara moja, ingawa chupa ya maziwa wala pipi hawakuijua. Walikuwa wananyonya. Lawama ingeliangukia ziwa la mama kwa urahisi. Matee alikuta sababu mbili zilizokutana: kulala usiku kucha na chuchu mdomoni, na mstari wa kasoro uliokatiza enameli ya meno ya mbele, alama ya misukosuko iliyompata mtoto jino lilipokuwa likijengwa. Mtoto mwenye enameli nzima aliweza kunyonya vilevile akabaki salama. Ni maelezo ya haki kwa mama kuliko yote niliyoyasoma kuhusu meno ya utotoni, na yanatoka Dar es Salaam.

Wakati huohuo imani nyingine ilikuwa ikisambaa nchini. Mtoto akiharisha na kuwa na homa, fizi zake zilifunuliwa, machipukizi meupe ya meno yakaitwa meno ya plastiki, na mganga akayang'oa bila ganzi. Hiza na Kikwilu waliandika mwaka 1992 kuhusu kijiji cha mbali ambako watoto walikuwa na mapengo ya namna hiyo. Naitaja kwa sababu mapengo yale nayo yalifuata ukoo: bibi aliyeamini aliwapeleka wajukuu wote.

Jamii inayoonyesha vizuri jinsi damu na maisha vinavyovutana iko Manyara hii hii na Arusha, kwenye nchi ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2017 Alyssa Crittenden, pamoja na Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wengine, walichapisha uchunguzi wa vinywa vya Wahadzabe watu wazima, baadhi wakiishi porini kwa kuwinda na kukusanya, baadhi wakiwa wamehamia vijijini. Ilitazamiwa kuwa walioacha pori kwa unga wa mahindi wangekuwa na meno mabaya zaidi. Kwa wanawake ilikuwa hivyo. Kwa wanaume ikawa kinyume: wale wa porini ndio waliooza sana, na watafiti waliitaja asali, ambayo wanaume huila kwa wingi wanapoipata, na tumbaku. Damu ni moja, ndugu kwa ndugu, mume na mke, na meno yanaachana kwa sababu ya nani anapanda mbuyu.

Damu ya watu wa eneo hili imesomwa pia, ila kwa swali jingine. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha uchunguzi wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan kuhusu uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa. Walipata badiliko la jeni lililozuka Afrika Mashariki yenyewe, tofauti na la Ulaya, likaenea pamoja na ufugaji. Kundi hilohilo liliongeza jambo linalogusa kinywa moja kwa moja: mwaka 2012 walieleza jinsi jeni ya kuonja uchungu, TAS2R38, ilivyo na sura nyingi zaidi Afrika kuliko kwingineko. Jeni hiyo, miaka miwili kabla, ilikuwa imehusishwa Marekani na kuoza kwa meno ya watoto. Inaelekea anayesikia uchungu na utamu kwa nguvu hula sukari tofauti na asiyesikia. Lakini tafiti kubwa za kutafuta jeni za kuoza zimejengwa juu ya damu ya Ulaya. Ule wa mwaka 2018, wa watoto karibu 19,000 wote wenye asili hiyo, ulipata sehemu mbili tu za kromosomu zenye uhusiano wa kuaminika, na mchango wa kila moja ni mdogo. Kuyachukua matokeo hayo na kumpimia mtoto wa Kigorowa ni kumvika nguo iliyoshonewa mwingine.

Na madoa je? Kuna panya tena. Mwaka 2002 Eric Everett na wenzake waliwapa panya wa koo 12 maji yenye floraidi kwa kipimo kimoja. Ukoo mmoja ulipata madoa makali upesi, mwingine karibu haukuguswa. Huo ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba hata pale ambapo sababu iko kwenye maji, damu huamua maji yaume kiasi gani. Ndugu wawili wa Babati waliokunywa kisima kimoja na kula chungu kimoja wanaweza kupata alama tofauti za Thylstrup na Fejerskov, bila yeyote kati yao kuwa amekosea jambo.

Ndiyo maana naona viwango vya maji havina budi kupangwa kwa ajili ya mtoto aliye dhaifu zaidi. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu, kwa muda, hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita vijijini, kwa sababu kukataa kungewaacha watu bila maji kabisa. Baadaye kiwango kikawa 4. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeweka 1.5 tangu 1984, na Tanzania ikafika hapo rasmi mwaka 2018. Kati ya karatasi na bomba kuna kazi: kituo cha Ngurdoto kilichojaribu kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, watafiti wa chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, na Askwar Hilonga, kijana wa kijiji cha Gongali, Karatu, aliyeshinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa chujio lake la maji.

Tiba nayo ina mchango wa hapa. Katikati ya miaka ya 1980, watu wa shule ya meno ya Dar es Salaam, Jo Frencken akiwa miongoni mwao, walibuni namna ya kuziba jino bila umeme wala mashine: tabibu anakwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, anajaza saruji maalumu inayoshika kwenye jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994, na leo hutumika duniani kote. Mtoto aliyezaliwa na enameli nyembamba anaweza kuzibiwa magego yake mapema hivyo katika zahanati isiyo na umeme, kabla hayajafikia kung'olewa.

Kwa hiyo mjamzito wa Babati anayekuja kliniki na historia ya meno mabovu kwao, na yeye mwenyewe ana matundu, aulizwe juu ya maji anayokunywa na magadi anayopikia, na matundu yake yazibwe kabla mtoto hajafika umri wa kuonjewa uji. Mtoto akitimiza mwaka, midomo ifunuliwe, meno ya mbele yatazamwe kama yana mstari au madoa. Dakika moja inatosha, na uzito hupimwa siku hiyohiyo.